Kanda ya Farasi

Mwezi uliopita nilisimama Mabawa, mtaa wa Tanga nilikokulia, kununua mihogo ya kukaanga, na mama aliyekuwa anaikaanga alivaa fulana nyeusi yenye picha ya farasi asiye na mpandaji, amesimama peke yake kwenye majivu. Picha ile naijua kuliko ninavyoijua ya kitambulisho changu. Ni jalada la albamu ya metali, ule muziki wa magitaa yanayounguruma, na ndiyo albamu ambayo hata watu wasioupenda muziki huo wanaweza kukuimbia wimbo wake mmoja au miwili.

"Dada, hiyo fulana umeipata wapi?"

"Mitumbani," akasema, huku anageuza mihogo. "Nyeusi haionyeshi mafuta."

"Na muziki wao unaujua?"

Akanitazama. "Wa nani? Wa farasi?"

Nikacheka, akanifungia mihogo yangu na pilipili, nikaondoka. Lakini njia nzima nilikuwa nikibishana na nafsi yangu, kama kila ninapoiona picha hiyo. Mimi ni mpenzi wa bendi hii tangu sijamaliza kuota meno. Tuna kikundi chetu cha simu, watu wa Tanga, Mombasa na Dar, na kila baada ya muda fulani mtu huuliza: jamani, albamu ya Farasi ni nzuri au ndipo ilipoanza kuharibika bendi? Wenzangu hugawanyika mara moja. Mimi huandika, hufuta, huandika tena, mwisho hutuma kitu kisichoeleweka. Wanadhani nababaika kwa sababu ya magitaa. Kumbe ni kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka Salim alinizidi umri sana, kiasi kwamba nilipopata akili yeye alishakuwa mtu mzima mwenye kazi. Alikuwa fundi majokofu. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, mlango unatazama uani, na kilinuka gesi, risasi ya kulehemu, na ile harufu ya mpira ulioungua kidogo. Kitandani kulikuwa na shuka la mistari, kwenye ukuta kalenda ya duka fulani la mjini, na juu ya stuli redio yake ya kaseti ambayo kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kaka alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kukwama mara mojamoja. Neno likimkamata, macho yalifumba, shingo ikakaza, mdomo ukabaki wazi pasitoke kitu, na wewe unayemsikiliza unaanza kukosa pumzi pamoja naye. Nyumbani tulimpenda, na kwa kumpenda tulimmalizia maneno. Akianza "Ma..." Mama anasema "Maji?" Baba akija likizo kutoka shamba la mkonge naye anakisia. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Nilijua kutoka herufi ya kwanza anataka kusema nini, na mara nyingi nilipatia. Wateja wake wakija, wengine walianza kwa kuuliza, "Yule mdogo wake yuko wapi?" Nilikuwa mkalimani wa kaka yangu kabla sijaweza kujifunga viatu, na hakuna cheo nilichokipata baadaye maishani kilichonipa fahari kama kile.

Rafiki yake mmoja tu ndiye hakuhitaji ukalimani. Huyo ni Murtaza, kijana wa familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la vyombo mjini. Murtaza alizungumza bila kituo, akijiuliza na kujijibu, kwa hiyo mtu asiyeweza kumkatiza alimfaa sana. Alikuwa na binamu yake ughaibuni aliyemtumia kanda za muziki, na kwa kuwa baba yake hakutaka kelele hizo ziingie nyumbani mwake, alizihifadhi kwa Kaka.

"Shikamoo Bibi," alizoea kumwambia bibi yetu akipita ukumbini, kanda zimefichwa ndani ya shati.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi hujibu. "Leo mwatuletea makelele yepi?"

Kanda ya kwanza ya bendi hiyo kuingia nyumbani kwetu ilikuwa na picha ya msumeno, basi ikawa Kanda ya Msumeno. Sisi wa rika hili tunakumbuka jinsi kanda ilivyoanza: kwanza mtu anabonyeza, halafu mvumo, halafu kimya kidogo, halafu dunia. Gitaa lilikuja kama mtu anakata bati la paa. Ngoma zilikimbia, mbili mbili, bila kupumzika. Kisha akaja mwimbaji, na huyo hakuimba. Alinguruma, akakoroma, akapiga ukelele, akanguruma tena.

Sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nilidhani najua ni kitu gani. Muda si mrefu kabla ya hapo Bibi alikuwa amenichukua kwenda kwao Moa, na huko nilishuhudia ngoma ya pepo. Mama mmoja mwembamba, mpole, aliyekuwa amenipa kashata asubuhi ya siku ile, alikalishwa katikati, akafukizwa ubani, ngoma zikapigwa hadi kichwa chake kikaanza kuyumba. Mara sauti ikamtoka, nzito, ya kiume, inayokwaruza. Mganga akaiuliza: "Wewe nani? Wataka nini?" Nayo ikajibu, ikataka marashi na kitambaa chekundu. Nilielezwa kwamba pepo wana makabila yao kama watu: yuko wa Kiarabu, yuko wa Kimasai, yuko wa Kizungu, na kila mmoja ana lugha yake na madai yake.

Basi niliposikia Kanda ya Msumeno nikaelewa mara moja. Mzungu amepandwa na pepo, wenzake wanampigia ngoma, na mganga bado hajafika. Nilimweleza Bibi, naye akaja hadi mlangoni, akasimama na kanga yake begani akisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza mtu anayejua.

"Huyu yuwalilia nini?" akauliza.

"Hasemi, Bibi. Hakuna anayemuuliza."

"Basi hatapona," akasema, akarudi jikoni. "Nao pepo wa Kizungu madai yao si makubwa. Biskuti na soda tu."

Nikawa kila siku nikitoka shule nakwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Kaka alikuwa anakaa chini na mota ya jokofu kati ya miguu, Murtaza kwenye stuli nyingine akizungumza bila kituo. Kaka akiniona tu, aliweka chombo chini, akabonyeza redio. Nami nilipanda kitandani nikaruka. Nilitikisa kichwa kama yule mama wa Moa, nikamuuliza Mzungu kwa sauti yangu yote: "Wewe nani? Wataka nini?" Nilicheka hadi tumbo likauma. Kaka aliendelea na kazi yake, uso umetulia. Adhana ya Alasiri ikianza alizima, nami nilishuka jasho linanitoka, nimeridhika.

Kisha ikaja Kanda ya Farasi.

Hii haikuja kwa Murtaza peke yake. Ilikuwa kila mahali. Vijana waliokuwa wanapita mbele ya nyumba yetu bila kugeuka sasa walisimama dirishani kwa Kaka: "Salim, tuwekee ule wa pili." Kinyozi aliipiga. Hata Mama, aliyekuwa anaita Msumeno "balaa," nilimkuta anapepeta mchele huku anauimba chinichini ule wimbo wa taratibu, ule unaoanza kwa gitaa moja tu, kama mtu anagonga mlango wa wagonjwa. Ngoma hazikukimbia tena. Zilitembea. Na yule bwana alikuwa anaimba kama watu wanavyoimba.

Nilikwenda kwa Bibi na masikitiko. "Bibi, wamempunga. Pepo ametoka."

Bibi akasikiliza kidogo. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa yuwaimba kama mtu. Wewe wanunia nini?"

Sikujua nanunia nini. Wote walifurahi, na mimi nilimwonea huruma yule pepo. Nilijiuliza amekwenda wapi, na kama alipewa alichokitaka.

Siku moja nilirudi mapema kutoka chuo cha Kurani kwa sababu Maalimu alikuwa na homa. Nikasikia mtu anaimba chumba cha nyuma pamoja na redio. Sauti ya kiume, nyororo, inakwenda na maneno ya Kizungu bila kujikwaa popote. Nikajua ni Murtaza. Nikafunua pazia, nikamkuta Kaka peke yake, amesimama, mgongo kwangu, bisibisi mkononi, anaimba ule wimbo wa taratibu tangu mwanzo mpaka mwisho. Shingo yake haikukaza. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinagonga sakafu polepole, na maneno yalikuwa yanashuka juu ya kidole.

Aliponiona akanyamaza. "U-u-u..."

"Umerudi saa hizi?" nikamalizia.

Akatikisa kichwa kukubali.

Kwa akili yangu ya wakati ule jambo lilikuwa wazi. Kanda ya Farasi ni dawa. Ilimtoa pepo Mzungu, sasa inamtoa Kaka kigugumizi. Nilipaswa kufurahi, na nusu yangu ilifurahi. Nusu nyingine ilikaa usiku ule wote ikijiuliza swali moja: akipona, mimi nitakuwa nani?

Sababu ya Kaka kuimba peke yake tuliijua baadaye. Alikuwa ameitwa aende Mwera, kule Pangani, kutengeneza jokofu la chanjo la zahanati, yale ya kutumia mafuta ya taa. Kazi ya siku moja ikawa ya wiki, kisha jokofu lile likawa linaharibika mara kwa mara kwa namna ambayo fundi mzuri kama yeye hakuweza kuielezea. Huko alikuwepo msichana aliyekuwa anasaidia kupanga kadi za watoto, jina lake Mwanaidi binti Hemedi.

Hofu ilitanda nyumbani. Kaka aliwahi kuposa mara moja hapo nyuma, kwa watu wa mjini. Walipokwenda kujitambulisha, mjomba wa binti alimwambia, "Na wewe kijana, tuambie mwenyewe jina lako." Jina lilimkwama. Baba alitaka kumsaidia, mjomba akasema, "Mwache aseme mwenyewe." Likakwama mpaka mtu mmoja akacheka. Posa ile ikafia pale pale, na Kaka hakuingia tena nyumba ya watu wasiomjua isipokuwa kwa kutengeneza jokofu.

Watu wa Mwera hawakuuliza jina, walikwishamjua. Posa ikapita. Lakini ndoa si posa. Siku ya nikaha mwozeshaji atakushika mkono, atakwambia amekuozesha fulani binti fulani, nawe lazima ujibu kwa kinywa chako mbele ya mashahidi, na jina la mke ulitaje. Hilo halina mkalimani. Nilimsikia Mama akimwambia Baba, "Ikimkwama je?" Baba akajibu, "Watasubiri," lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Siku yenyewe tulikwenda Mwera watu wa nyumbani wote na Murtaza, aliyevaa kanzu ya kuazima iliyomfikia magotini. Wanaume walikaa barazani kwenye mikeka. Mimi, kwa udogo wangu, niliachwa nisimame penye pazia la mlango, kati ya wanawake waliokuwa ndani na wanaume waliokuwa nje. Palinukia pilau na asumini. Nilimwona Kaka kwa ubavu: kanzu, koti, kofia, jasho linamtiririka nyuma ya sikio. Shehe alisoma hotuba. Mzee Hemedi akamshika mkono, akasema maneno yake. Kisha ikawa zamu ya Kaka.

Kaka akafumba macho. Shingo ikakaza. Nilijua herufi ile ya kwanza, nilikuwa nayo mdomoni, na nilijua kwamba safari hii siruhusiwi kuitoa. Nikajifunga mdomo kwa viganja viwili. Murtaza, ambaye sikuwahi kumwona amekaa kimya, alikuwa ametazama mkeka kama mtu anayesomewa hukumu.

Hapo nikakiona kidole gumba cha mguu wa Kaka kikianza kugonga mkeka. Polepole. Kikagonga, kikangoja, kikagonga. Naye akafumbua macho akasema, kwa mwendo ule ule:

"Nimekubali... kumuoa... Mwanaidi... binti Hemedi... kwa mahari... tuliyopatana."

Vigelegele vikapasuka ndani nyuma yangu. Mzee mmoja karibu na pazia akamwambia jirani yake, "Kijana ana utulivu huyu. Hana papara." Murtaza alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa mkono wa kanzu ya watu. Mimi nilikuwa bado nimejifunga mdomo.

Kazi za majokofu zilikuwa nyingi upande wa Pangani, na mke alikuwa na zahanati yake, kwa hiyo Kaka akahamia Mwera. Alichukua redio, akachukua Kanda ya Farasi. Ya Msumeno akaniachia, bila chombo cha kuipigia. Nilikuwa nakwenda chumba cha nyuma, nakaa juu ya kitanda kisicho na shuka, nazungusha kanda ile kwa kalamu mbele na nyuma. Murtaza hakuja tena; hapakuwa na wa kuzungumza naye. Baadaye familia yao ilihamia Dar. Nami nikaichukia Kanda ya Farasi kwa chuki safi ya mtoto. Ilikuwa imemponya kaka yangu ikamchukua, yote kwa mara moja, na watu wote walikuwa wanaiimba.

Likizo ilipofika nikapelekwa Mwera. Nilijiandaa kukutana na Kaka mpya, msemaji. Alinipokea stendi, akanibebea mfuko, akafungua mdomo, na shingo ikakaza kama zamani.

"Ha-ha-ha..."

"Hawajambo wote," nikamalizia, nikiwa nimeshangaa kupita kiasi.

Jioni tulikaa uani, Mwanaidi anakuna nazi, mimi najaza maji kwenye mtungi. Kaka alitaka kusema jambo. Neno likamkamata pabaya. Nikalijua, nikafungua mdomo, na Mwanaidi akanigusa goti kwa mkono wenye chenga za nazi.

"Mwache, wifi," akasema taratibu. "Linakuja."

Akaendelea kukuna nazi. Hakumtazama Kaka kwa huruma, hakuangalia pembeni kwa aibu. Alikuna tu. Muda ulipita ambao kwetu Mabawa usingeruhusiwa kupita. Kisha neno likaja, na jingine, na jingine, na ilikuwa hadithi ndefu ya mzee mmoja aliyehifadhi viatu vyake vipya ndani ya jokofu ili panya wasivile. Sikujua kwamba kaka yangu anajua kusimulia. Sikuwa nimewahi kumsikia anafika mwisho wa kitu. Mwanaidi alicheka hadi akaweka kifuu cha nazi pembeni, na Kaka akacheka kwa kuona anavyocheka. Redio ilikuwa ndani, imefunikwa kitambaa, vumbi juu yake.

Nimekua, nimezinunua albamu zote mbili kwa kila namna zilivyouzwa, na ninaweza kueleza kitaalamu kinachonikera katika ile ya Farasi. Ngoma zimesafishwa mno. Besi imezikwa. Nyimbo mbili za mwisho zimewekwa kujaza nafasi. Ule wimbo wa taratibu nao ni mzuri, siwezi kukataa, na kila ukifika nasimama popote nilipo nikimwona mtu mwenye kanzu anahangaika na herufi moja. Bado huwa nauruka mara nyingi kuliko ninavyousikiliza. Siku zote nilijiambia kwamba Kaka aliisaliti Msumeno, na kwamba mimi ndiye niliyebaki mwaminifu kwa muziki alionirithisha.

Idi hii nilikwenda kwao. Kaka sasa ana mvi, watoto wake wakubwa. Baada ya chakula nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: kwa nini aliniachia Kanda ya Msumeno akachukua ile nyingine.

Alianza, akakwama. Mwanaidi alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kumenya. Nami nikakaa.

"I-ilikuwa ya-yako," akasema mwishowe. "Mimi si-sikuipenda hata siku moja. Na Murtaza hi-hivyo hivyo. Ilikuwa inatu-tuumiza kichwa."

"Lakini mlikuwa mnaipiga kila siku!"

"Wewe u-ulikuwa unatoka shule," akasema, "u-unapanda kitandani, unacheka." Akanyoosha mikono, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Tu-tungefanyaje?"

Nikaanza kukunjakunja ganda la chungwa. Akanihurumia, nadhani, maana aliuliza kama ninayo kwenye simu, niiweke, pengine uzee umembadilisha. Nikaitafuta, nikaweka simu juu ya meza katikati ya maganda ya machungwa. Gitaa likaingia likikata bati. Mwanaidi akashtuka akaangusha chungwa. Kaka akainamisha kichwa akasikiliza kwa adabu, macho yamefumba, wimbo wa kwanza wote na nusu ya wa pili.

Kisha akanyoosha mkono, akazima.

"Bado mbaya," akasema, na neno halikumkwama hata kidogo.